Mguu Ulikuwa Umefika

Mguu ulikuwa umefika. Naanza na hilo makusudi, ili hata atakayeishia mstari huu wa kwanza aondoke na jambo moja la kweli.

Wiki iliyopita nilikuwa kwa kinyozi, nawasimulia waliokuwa kwenye foleni habari za picha za besiboli tulizokuwa tunaonyesha hapa Moshi miaka ya tisini. Kijana mmoja akatoa simu, akaniuliza hiyo picha niliyokuwa naisifia inahusu nini, akaandika-andika, akaipata. Akasoma kwa sauti kwamba mwishoni mchezaji anakimbia kurudi nyumbani na anatolewa. Kisha akanitazama kwa huruma. "Babu, kumbe mlikuwa mnawapiga watu kamba."

Foleni nzima ikacheka. Kinyozi naye akacheka, mashine mkononi. Mimi upande mmoja wa kichwa umeshanyolewa na mwingine bado, kwa hiyo hata kuondoka kwa hasira sikuweza. Nilikaa nikasubiri upande wa pili. Hasira yenyewe haikuishia pale, ndiyo hii mnayoisoma.

Ninyi vijana mnadhani mtafsiri wa picha alikuwa mtu wa kubuni tu. Kazi ile niliifanya miaka kumi na minne. Kumi na mitatu, ukitoa ule ambao deki ilikuwa kwa fundi. Banda letu lilikuwa ghala la zamani la mbolea, nyuma ya soko la Mbuyuni. Madirisha tuliyaziba kwa magunia ili mchana uwe giza. Mabenchi yalikuwa kumi na tisa. Wengine watakwambia kumi na manane kwa sababu moja lilikuwa ubao juu ya matofali, lakini watu walilikalia, na mimi nahesabu panapokaliwa. Nilisimama kando ya tivii na fimbo yangu, nikasema kwa Kiswahili kile kinachosemwa pale kwa Kiingereza, Kihindi, Kichina na wakati mwingine kwa mabomu tu.

Siku hizi mnajisifu kwamba maneno yanaandikwa chini ya picha. Haya, maandishi yamewahi kujibu swali la nani? Mama mmoja wa Machame, muuza maziwa, hakuwahi kukaa dakika tano bila kuniuliza, "Mangi, huyo ni nani wake?" Nami nilimjibu. Angeyauliza maandishi, yangempita.

Aliyenifundisha alikuwa mzee aliyezunguka zamani na gari la sinema, akionyesha picha za kilimo bora kwenye viwanja vya parokia na vya usharika. Alinipa masharti machache. Kanda mpya iangalie peke yako mara mbili kabla watu hawajaingia. Kichwa cha deki kisafishe kwa spiriti na kipande cha khanga iliyochakaa, usitumie pamba, pamba inaacha nyuzi. Na ukiona huelewi kinachosemwa, achana na mdomo, angalia miguu. "Mdomo wa steringi unaweza kudanganya," alisema, "lakini miguu inasema anakotaka kwenda." Hilo la miguu liwekeni akilini.

Besiboli ililetwa na mwalimu wa kujitolea, Mmarekani, aliyekuwa anafundisha hisabati sekondari moja ya Kibosho. Alikuwa na kanda tatu na hana pa kuzionea. Tulipatana mchana mzima. Yeye alitaka kuziazimisha, mimi nilitaka ziwe zangu. Tukamalizia kwa mkungu wa ndizi na ahadi kwamba nitamfundisha kununua vitu sokoni bila kuonewa. Alikuwa mwanafunzi mgumu. Alikuwa anasema asante kabla bei haijashuka.

Nikaziweka kando. Nani angeangalia watu wamevaa kofia wanasubiri? Lakini siku moja ya soko deki ikaitafuna kanda ya karate katikati ya pambano, banda limejaa, na wale vijana wa nyuma wakaanza kupiga mabenchi. Nikachomeka ya kwanza iliyonijia mkononi.

Sasa hapa msikie shida ya kiufundi, maana ndiyo iliyozaa yote. Kanda za Marekani zimetengenezwa kwa mfumo wao. Kwenye deki yangu zilicheza, sauti ikatoka, ila rangi ilikataa. Timu hii kijivu, timu ile kijivu, nyasi kijivu. Kama wale jamaa walivaa sare za kutofautisha, sisi hatukuzijua. Sisi tuliona ukoo mmoja umegombana.

Mchezo wenyewe nilikuwa siujui. Nikaangalia miguu. Mmoja anarusha mpira kwa nguvu, mwingine amesimama anangoja aupige au aukwepe. Nikawaambia, "Hii ni rede ya wanaume." Banda likapumua. Kila mwenye dada aliijua rede. Mtu akauliza mbona huyu ana gongo, nikasema kwao mpira ni mgumu, usipokuwa na gongo unakufa. Wakaridhika. Nilipoona jamaa amepiga, ametupa gongo na kuzunguka vile vigoda vitatu vilivyopangwa uwanjani, ndipo nikashika jambo lenyewe, nikalisema kwa sauti: "Huyu anatoka nyumbani, anapita kituo cha kwanza, cha pili, cha tatu, na hapati kitu mpaka arudi nyumbani alikotoka."

Kisha mtu akasema, "Kumbe ni Wachagga."

Ndiyo sababu watu walizipenda picha zile, na anayesema zilikuwa za kuchosha hakuwa pale. Watu wetu wanatoka kihambani kwa baba, wanapitia Himo, wanapitia Arusha, wanapitia Dar au Mombasa, na yote hayo hayahesabiki mpaka Desemba urudi mlimani uonekane. Mtu anayecheza vizuri akabaki kituo cha tatu hana alichopata. Hilo hakuna aliyehitaji kutafsiriwa. Tena mchezo wenyewe hauna saa. Mpira wa miguu unakatwa na filimbi ukiwa bado unataka, huu unasubiriwa. Mwalimu aliniomba radhi kwamba watu wanasimama-simama mno bila kufanya kitu. Nikamwambia watu hawa wamepanda kahawa wakangoja miaka, wewe unaona aibu kwa dakika kumi?

Kanda zenyewe hazikuwa na maganda wala majina, nikazipa ya kwangu. *Sikio la Kushoto* ilikuwa ya mrushaji aliyekuwa kiziwi upande mmoja, akawa anajua kama watu wanamshangilia kwa kuangalia vinywa vyao. Hiyo waliipenda wafanyabiashara wa soko. Walisema hata wao hawasikii matusi ya upande mmoja. *Damu Moja* ilikuwa ya ndugu wawili, mmoja anarusha, mwingine anapiga, mama yao hajui amshangilie nani. Hiyo ilikuwa ya akina mama. Lakini iliyojaza mabenchi yote kumi na tisa ilikuwa *Rudi Nyumbani*, kijana aliyekaa miaka bila kupewa nafasi, na siku ya mwisho anapiga mpira mmoja, anazunguka vituo vyote, anakuja nyumbani mbio, na pale nyumbani amechuchumaa mtu mmoja mwenye kinyago cha chuma usoni, amemziba njia.

"Mangi, huyo wa kinyago ni nani wake?" akauliza mama wa maziwa.

Nikafikiri haraka. Mtu huyu tangu picha ianze hajatoka nyumbani. Amekaa pale pale, anatoa ishara kwa vidole na wote wanamtii. Nikasema, "Ni baba yake."

"Na mbona anamzuia?"

"Waligombana."

Kosa langu ni hilo. Lilinichukua pumzi mbili. Nimehesabu mara nilizosema uongo kazini kwa miaka yote hiyo: ni tatu. Nimehesabu tena: ni tatu. Hizo hapo ni mbili.

Yote hayo yangenyooka kama kanda ingefika mwisho, lakini haikufika. Siku ile steringi amepita kigoda cha tatu, vumbi linatimka, wa kinyago ameinuka langoni, mpira uko hewani, na ghafla ikaja rangi. Rangi zote kwa mpigo. Keki ya ngazi tatu, na mtoto wa dada yangu amevaa gauni jeupe anamlisha paroko.

Shemeji yangu ndiye aliyefanya hivyo. Kanda hizo zinakuja zimevunjwa kijino cha nyuma ili deki ikatae kurekodi juu yake. Ukibandika selotepu pale penye pengo, deki inadanganyika, inakubali. Shemeji alikosa kanda tupu siku ya kipaimara, akaona zangu, akabandika selotepu. Kati ya kanda tatu, na kati ya saa zote zilizomo, akachagua dakika zile. Mpaka leo nikiona selotepu moyo unanienda mbio. Nilimwendea dada yangu na malalamiko. Akasema, "Sasa ulitaka kipaimara cha mtoto kiandikwe wapi, kwenye jani la mgomba?"

Basi tukawa na picha isiyo na mwisho, na watu wakawa wanaililia vile vile. Kila siku ya soko wananiomba *Rudi Nyumbani*, kila siku inaishia kwenye keki, kila siku wanagombana hadi barabarani kama kijana aliingia au hakuingia.

Aliyekaa benchi la tatu bila kugombana na mtu alikuwa Mzee Aloisi wa Kibosho. Alishuka na ndizi, akishauza anaingia, anaweka kofia gotini. Siku ya kwanza aliniuliza kwa sauti ya chini, "Huyo kijana aliharibu nini hata baba yake amfungie?" Nikasema hawajasema. Wiki iliyofuata akauliza tena, kana kwamba picha ingekuwa imepata habari mpya.

Jirani yake ndiye aliyenieleza. Mzee alikuwa na kijana mmoja wa kiume, Prosper. Bei ya kahawa ilipoanguka, na kila mtu akaachiwa auze kwa anayemtaka na anunue dawa kwa anayejua mwenyewe, Prosper akaona kahawa ni upuuzi. Jumapili moja mzee yuko misani, kijana akakata mibuni usawa wa goti, akaweka miche ya nyanya katikati. Mibuni ile ilipandwa na baba wa mzee mwenyewe. Mzee aliporudi alimwita balozi wa nyumba kumi aje ashuhudie, na kwa kuwa balozi yupo, akaacha Kichagga akasema Kiswahili, kama watu wanavyofanya wanapotaka ugomvi uwe rasmi. Amesimama na mche wa nyanya mkononi, mizizi bado ina udongo, akamwambia mwanawe, "Usipande tena." Prosper akashuka siku ile ile. Ikawa Krismasi ya kwanza, ya pili, ya tatu, hajaonekana. Alikuwa Himo tu, anapakia mahindi kwenye malori. Mtu akitembea asubuhi kutoka Himo, jua halijachwea anakula mtori kwao.

Sasa mnaelewa Mzee Aloisi alikuwa anaangalia nini. Alikuwa anajiangalia yeye, na kinyago chake. Na aliyemvika kinyago kile ni mimi.

Siku moja alinisimamisha mlangoni kabla hata sijawasha. "Mangi, leo atamruhusu?"

Mimi ni mtu wa kupatana. Nimewahi kukataa kilo ya sukari kwa sababu mizani iliegemea upande. Lakini kwa swali lile sikuwa na bei ya kuanzia. Picha ikaenda, steringi akakata kona ya tatu, keki ikatokea, nami badala ya kunyamaza nikaendelea. Paroko anatafuna, mimi nasema: "Baba anavua kinyago. Anasogea pembeni. Kijana anaingia." Ndio uongo wa tatu. Hakuna aliyecheka. Mama wa maziwa alifuta macho, huku mbele yake watoto wa kipaimara wanacheza muziki.

Siku ya soko iliyofuata Mzee Aloisi alikuja bila ndizi. Alikuwa na jani la sale. Mnaolijua mnalijua: kwetu ukimkosea mtu unampelekea jani hilo kwa mkono wa mwingine, na likishaletwa halikataliwi. Alijua mimi hufuata kanda Himo kwa watu wanaovuka mpaka, akaniomba nimpelekee Prosper.

"Mzee, samahani," nikasema. "Sale inatoka kwa mtoto kwenda kwa baba. Baba hapeleki kwa mtoto. Watu watakusema."

"Yule wa kinyago," akasema, "ni nani alianza? Kijana alivua, au baba alivua?"

Maneno yalikuwa yangu mwenyewe. Nikalikunja jani mara mbili, likaenea sawasawa ndani ya kasha la kanda, nikapanda gari.

Prosper nilimkuta juu ya lori, vumbi la mahindi mpaka kwenye kope. Nilipofungua kasha akashuka. Alilishika lile jani muda mrefu. Akasema amesamehe, sale haikataliwi, na yeye pia anaomba asamehewe ile mibuni. "Lakini kupanda sipandi," akasema. "Alisema mwenyewe, mbele ya balozi: usipande tena. Sale haikufuta hilo."

Nikapatana naye mahali pa kuonana na baba yake. Mimi nilianzia Kibosho, yeye akaanzia pale pale Himo. Nikashuka hadi njia panda ya kwao, akapanda hadi nusu ya barabara ya lami. Tulifunga katikati: Moshi mjini, bandani kwangu, siku ya pili ya Krismasi, mchana. Nikajiona fundi. Niliporudi nikamwambia mzee, "Amesamehe, mtaonana bandani kwangu siku ya pili ya Krismasi. Ila anasema hapandi."

Mzee Aloisi akaitikia kwa kichwa, tena kwa furaha. "Vizuri. Hata mimi sitaki apande."

Nikajisemea, hawa watu wa Kibosho kwa ukaidi Mungu ndiye anayewaweza. Nikaendelea na kazi zangu.

Wakati huo yule mwalimu alikuwa amekwenda likizo kwao. Nilikuwa nimemlalamikia ile keki mpaka akachoka, kwa hiyo aliporudi alinishika mkono akaniwekea *Rudi Nyumbani* mpya, nzima, na akaazima deki ya shuleni inayosoma mifumo yote. Kwenye ubao wa nje nilikuwa nimeshaandika kwa chaki, kubwa: MWISHO KAMILI, SIKU YA PILI YA KRISMASI. Ndipo tukakaa wawili kuiangalia, kwa masharti ya yule mzee wa gari la sinema.

Rangi zikatoka. Timu moja nyekundu, nyingine bluu. Na wa kinyago alikuwa bluu, kijana alikuwa mwekundu. Nikamuuliza mwalimu mbona baba yake amevaa sare ya wengine. Akaniuliza baba yupi. Ilibidi anieleze mara mbili kwamba mtu yule ni mpinzani, kazi yake ni kudaka, na hana undugu na yeyote. Kisha tukafika mwisho. Mbio, vumbi, kishindo, na mwamuzi akanyanyua ngumi. Ametolewa. Muziki wa huzuni, majina yakapanda.

Nikamwambia mwalimu haiwezekani kuonyesha kitu kama hicho. Nikamweleza kuna mzee ametuma sale kwa sababu ya mwisho niliousema mimi, na kijana wake anakuja kukaa humo humo ndani. Akasema kwa upole, "Lakini ni mchezo tu." Nilikaribia kumdai mkungu wangu wa ndizi.

Siku ikafika. Mabenchi kumi na tisa yamejaa, watu wametoka misani na ibadani na nguo zao nzuri, wa Machame upande huu, wa Kibosho upande ule. Mzee Aloisi benchi la tatu, kofia gotini. Prosper aliingia wa mwisho, akamwamkia baba yake kwa mbali, "Shikamoo baba," akaitikiwa "Marahaba," basi. Akakaa benchi la mwisho kabisa karibu na mlango, begi chini ya miguu, amelielekeza upande wa kutokea.

Rangi zikawashtua kwanza. Wakapiga makofi. Halafu mama wa maziwa, ambaye ningemlipa anyamaze, akasema, "Mangi, mbona baba yuko timu nyingine?"

Niliangalia fimbo yangu. Uongo wa nne ulikuwa tayari ulimini. Nikasema, "Si baba yake. Nilikosea. Zamani rangi haikuonekana. Huyu ni mtu wa upande wa pili, wala hawakugombana."

Minong'ono ikapita benchi hadi benchi. Mzee Aloisi hakugeuka. Niliona tu kofia ikisogea gotini.

Kijana akapiga mpira. Kituo cha kwanza, cha pili, cha tatu. Watu wamesimama. Vumbi, kishindo, ngumi ya mwamuzi juu. Nikasema neno lililokuwa pale, moja tu: "Ametolewa."

Sijawahi kusikia banda likinguruma vile. Steringi hatolewi! Mtu mmoja akanishutumu nimeleta kanda mbovu makusudi. Wa Machame na wa Kibosho, ambao hawajawahi kukubaliana hata juu ya namna ya kupika kitalolo, walinitukana kwa pamoja. Nilimwona Prosper ameinama kuvuta begi.

"Rudisha nyuma," akasema Mzee Aloisi.

Alikuwa amesimama. Nikarudisha. Deki ile ya shule ilikuwa na kitufe cha kupeleka picha polepole, nikakibonyeza. Kijana akaanguka kwenye vumbi, polepole, mguu mbele. Kile kibao cheupe cha nyumbani. Ile glovu ya wa kinyago, mpira ndani, inashuka kumgusa.

"Rudisha tena."

Nikarudisha tena. Ndipo nikamkumbuka yule mzee aliyenifundisha kazi, nikaacha kuangalia mwamuzi, nikaangalia mguu. Ncha ya kiatu ilikuwa imegusa kibao, vumbi jeupe limeruka, na glovu bado iko juu ya goti. Nikaweka ncha ya fimbo kwenye kioo, pale pale penye kiatu.

"Mguu umefika," akasema mama wa maziwa.

"Umefika," wakasema wengine. Nilimgeukia yule Mmarekani mbele ya watu wote, nikamuuliza kwa sheria za kwao, mguu ukifika kabla ya glovu ni nini. Akasogea karibu na tivii, akaangalia, akaniomba nirudishe mara ya tatu. Alikuwa mwalimu wa hisabati, na uso wake ulibadilika kama wa mtu aliyekuta jibu la kitabu si sahihi. "Ameingia," akasema. Alikuwa ameiona picha ile tangu utoto wake na hakuwahi kuangalia mguu. Watu wazima wametengeneza picha, wameisafirisha bahari mbili, na katika wote hao hakuna aliyeangalia mguu!

Mzee Aloisi akageuka, akamtazama mwanawe juu ya vichwa vya mabenchi yote.

"Prosper. Umeona?"

"Nimeona, baba."

"Basi beba begi, twende nyumbani."

Prosper alibaki amelishika. "Baba, ulisema nisipande tena. Mbele ya balozi."

Mzee akamkazia macho. Nadhani hata mimi nilimkazia.

"Nyanya," akasema mzee. "Nilisema usipande nyanya. Kwani siku ile nilikuwa nimeshika nini mkononi?"

Hapo ndipo hasira yangu yote ilinirudia mimi mwenyewe, na haijaisha. Mtafsiri wa picha! Mtu anayeishi kwa maneno! Nililibeba neno lile kutoka Himo hadi Moshi, nikalikabidhi kama mzigo uliofungwa, sikulifungua hata mara moja kuona ndani kuna kupanda mlima au kupanda mche. Kanda naiangalia mara mbili, mizani mara mbili. Neno la mtu na baba yake nililipitisha mara moja tu.

Walitoka wawili, begi likiwa mkononi mwa kijana. Hawakusubiri majina yapande.

Pasaka nilikwenda Kibosho kuwasalimu. Mibuni ile haikuwa imekufa. Ilichipua kwenye visiki, kila kimoja na matawi mapya. Mzee alikuwa ananiambia siku zote kwamba ilikatwa arobaini na miwili. Nikaihesabu, nikapata arobaini na mmoja. Nikaihesabu tena, arobaini na mmoja. Nikamuuliza wa arobaini na mbili uko wapi. Alinielekeza kwa kofia. Kwenye nafasi yake palisimama mche wa nyanya, umefungwa kijiti kwa kamba ya mgomba, na chini umemwagiliwa asubuhi ile.

Sasa yule kijana wa kwa kinyozi aje aniambie tena nani alitolewa.